Mwandiko wa Mjukuu Wangu Daktari

Mimi nasoma. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakiona bibi kizee mwenye masikio yaliyotobolewa mpaka yakaning'inia, wanamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Shuleni nilitolewa darasa la pili, nikaolewa kabla sijajua kugawanya. Lakini kisomo cha watu wazima kilipoletwa kijijini kwetu nilikaa benchi la mbele, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na nilimaliza. Wanaume wazima walikimbia. Mume wangu mwenyewe alikimbia, akasema vumbi la chaki linamkohoza, yeye aliyevuta tumbaku tangu ujana.

Tangu siku hizo karatasi zote za ukoo huja kwangu. Kibali cha kusafirisha ng'ombe, barua ya mtendaji, tangazo la kanisa. Mgodi ulipokuja na mambo yake ya mashamba, watu walikuja kutoka hata Nyangoto na karatasi wamezikunja ndani ya soksi. "Mama, hebu tazama hapa, wameandika niondoke au nibaki?" Nikasoma. Mmoja nilimsomea akalia, mwingine nilimsomea akaniletea jogoo. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba karatasi imenishinda. Ninyamaze, nirudie mstari, nikohoe kidogo, lakini mwisho nilikuwa nasema kilichoandikwa. Hicho ndicho kiburi changu, na ndicho kilichonitia aibu mwaka ule ninaotaka kuuandika.

Nina mke. Msomaji wa mbali asishtuke. Mungu alinipa mabinti wanne, wote wakaolewa wakaenda kuzaa kwenye koo za watu. Mume wangu alipokufa nyumba yangu ilibaki haina mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya jambo hilo lina dawa yake, tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa huyo mke na mwanamume wa nje ni wa nyumba ile, wanabeba jina lake na kurithi boma lake. Mambo ya kitandani kati ya wanawake hao hayamo. Anayefikiria hivyo akanawe uso. Nilitoa ng'ombe wa mahari za binti zangu nikaoa msichana mmoja mwenye mabega mapana, mchekaji, aliyekuwa anabeba ndoo mbili za maji huku anamtania mtu. Yeye ananiita mama. Mimi namwita mke wangu. Tumegombana kwa ajili ya chumvi, kuku, na mahubiri ya mchungaji, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kununiana mpaka jua likazama mara mbili.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kike. Majirani wakacheka kwa pembeni: "Ng'ombe wameliwa bure." Nikawaambia, subirini.

Huyo mtoto nilimfundisha herufi mimi mwenyewe. Nilimwaga majivu juu ya ungo, nikayasawazisha kwa kiganja, nikamshika kidole cha shahada tukaandika A. Tukitikisa ungo, A inakufa. Tunaandika tena. Kabla hajafika darasa la tatu alikuwa amenipita mbali. Mwandiko wake ulikuwa kama shanga zilizotungwa na mtu ambaye hana njaa: kila moja imekaa karibu na mwenzake, hakuna inayosukumana. Walimu walilipeleka daftari lake darasa la saba kuwaaibisha wakubwa. Kanisani aliandika majina ya nyimbo ubaoni, na watu waliokuwa hawajui kusoma walikaa wanautazama ule ubao tu kwa uzuri wake. Kadi za harusi za kijiji kizima ziliandikwa kwenye meza yangu, mimi nikiwa nimekaa kando nafukuza kuku, moyo umejaa kama mtungi.

Akasoma, akafaulu, akaenda chuo cha tiba. Akatoka afisa tabibu, akapangwa zahanati moja huko upande wa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Watu wanamwita daktari na mimi siwasahihishi.

Likizo yake ya kwanza nilirudi kutoka shambani nikakuta karatasi mezani, imewekewa chupa ya chai isipeperuke. Nikaiinua. Nikaigeuza. Nikaitoa nje kwenye mwanga. Mama yake alikuwa anachambua mchicha uani.

"Nani amekuja hapa?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu. Mtoto ameandika kwamba amekwenda kwa shangazi yake."

"Wewe umejuaje?"

"Ameniambia kwa mdomo kabla ya kuandika."

Mtoto aliporudi nilimwonyesha ile karatasi. "Nani amekuvunja mkono?"

"Bibi, mkono ni mzima."

"Basi hapa amepita siafu mlevi."

Mama yake alicheka mpaka mchicha ukamwagika. "Mama, mwache. Sasa ni daktari. Daktari akiandika vizuri watu watasema hana wagonjwa."

Mimi sikucheka. Niliona ni kama mtu ameingia kwenye nyumba yangu akavunja kitu nilichokichonga mwenyewe. Nikamwambia yule mtoto kwamba najua wanachofanya huko vyuoni: wanawakalisha chini na kuwafundisha kuandika vibaya, ili sisi tusijue wanachosema juu ya miili yetu, tubaki tunawarudia kama mbuzi kwenye chumvi. Akanitazama kwa upole ule wa watu waliosoma, ambao unanikera. "Bibi, siku moja uje zahanati. Ukae tu kwenye benchi. Utaona."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda nikiwa na sababu.

Sababu ilikuja kwa njia ya kanga. Niliona mara ya kwanza kanga ya mke wangu imelowekwa kwenye beseni nyuma ya jiko, maji yamekuwa mekundu. Nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nilisimama juu ya beseni mpaka akatoka.

"Mke wangu, hii damu ni ya nini?"

"Ya kuku."

"Kuku gani? Sijaona manyoya."

Akainama akaendelea kufua. "Ni umri, mama. Ilishakwenda zake, sasa imegeuka nyuma kuniaga."

"Imekuaga mara ngapi?"

Akaikamua kanga. Nilipohesabu mwenyewe niliona alikuwa amekaa miaka miwili bila kuona siku zake, na sasa ilikuwa mwezi wa sita anavuja, na alikuwa ameificha kwa sababu palizi ilikuwa haijaisha. Palizi! Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika. Kesho yake tulikwenda hospitali ya mjini.

Hospitali zetu unanunua daftari la shule kwenye kibanda cha getini, la kurasa chache, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Humo daktari ndiye anaandika ugonjwa wako, na wewe unalibeba kwenda nalo nyumbani. Kwa hiyo ugonjwa unaupakata mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi kutoka umande mpaka kivuli kilipohamia upande wa pili. Daktari alikuwa kijana, mpole, macho yamemwingia ndani kwa uchovu. Akauliza mimi ni nani wa mgonjwa.

"Huyu ni mke wangu."

Kalamu ikasimama. Hakuwa mtu wa kwetu. Akanitazama, akamtazama mke wangu, akanitazama tena.

Mke wangu akasema, "Daktari, andika mama mkwe. Ukitaka akueleze yote, waliopo nje watalala hapa."

Akatabasamu, akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini. Akampima nyuma ya pazia, akatoka amebadilika uso, akakata kinyama kidogo ili kipelekwe kwenye vipimo. Tukaambiwa tusubiri, tutaitwa kwa simu.

Simu ilipokuja tulikwenda tena, tukakaa tena. Safari hii daktari aliandika muda mrefu kuliko alivyozungumza. Ukurasa mzima akaumaliza, akageuza, akaandika nusu ya wa pili. Mlangoni nesi alikuwa anachungulia kila mara, na nyuma ya nesi kulikuwa na mtoto analia kwa sauti ile ya kukauka. Daktari akapumua, akauliza:

"Kati yenu nani anasoma?"

Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu kwa majivuno, kama mtu anayemsifu fahali wake mnadani: "Mama huyu. Anasoma mpaka karatasi za mgodi."

"Vizuri," daktari akasema, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akanipa lile daftari mkononi, mimi, si mgonjwa. "Mama, nimeandika yote humo. Mtakwenda Mwanza, barua ya rufaa nimeibana ndani, na tarehe ipo. Hizi dawa mchukue leo. Mmeelewa?"

Nikasema, "Tumeelewa."

Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Tumeelewa. Nilikuwa bado sijalifungua hata daftari. Ningesema, mwanangu, sijaelewa, niambie kwa mdomo, angeniambia. Nadhani angeniambia. Lakini wale watu wawili walikuwa wananitazama, mmoja kwa matumaini ya kumaliza kazi, mwingine kwa fahari, na mimi ndiye mwanamke ambaye karatasi haijawahi kumshinda.

Nje tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na bomba. Mke wangu akanawa miguu, akaja akakaa, akasema, "Haya, nisomee."

Nikafungua.

Nimeona maandishi mengi mabaya. Nimesoma barua ya mtu aliyeandika akiwa amelewa. Nimesoma karatasi iliyofuliwa na suruali. Lakini hii ilikuwa mistari ambayo imelala chini kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, inaanza na kichwa cha herufi halafu mwili unavutwa tu, unavutwa, mpaka mwisho wa mstari. Nilitafuta A yangu. Nilitafuta hata moja. Mke wangu alikuwa anautazama mdomo wangu, si karatasi. Alikuwa amezoea kwamba nikitazama karatasi, baada ya muda mdomo hufunguka.

Nikakohoa. Nikasema jua linaniumiza macho.

"Basi tusogee kivulini," akasema.

Tukasogea kivulini. Kivulini nako nikasema tuwahi dawa kabla duka halijafungwa, na jua lilikuwa bado juu kabisa. Akanitazama kidogo, akainuka, akakung'uta kanga.

Muuza duka la dawa alilisoma lile daftari kwa urahisi kama mtu anayesoma bei. Akatoa vidonge vya damu, akatoa vya maumivu, akaandika juu ya bahasha moja kutwa mara ngapi. Mke wangu alikuwa amesimama nje anaongea na muuza ndizi. Nikaegemea kaunta nikashusha sauti.

"Na hapo juu kabla ya dawa, ameandika nini?"

Akaangalia. Macho yake yalikwenda kulia, yakarudi, yakaenda tena. Kisha akalifunga daftari, akalisukuma kwangu taratibu kwa vidole viwili. "Hayo mengine ni ya madaktari, mama."

Sikujua kama hakuweza au hakutaka. Na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Kama hakuweza, basi ni mwandiko. Kama hakutaka, basi ni kitu kingine.

Siku tatu zilizofuata daftari lilikaa ndani ya sanduku langu pamoja na cheti changu cha kisomo, na mimi nilikuwa nalitoa kila mke wangu akienda mtoni. Nililitazama kwa miwani, nikalitazama bila miwani. Nilipata neno moja, nikaona ni jina langu la ukoo. Nikapata tarakimu. Tarehe ya Mwanza ilikuwa baada ya wiki mbili. Siku ya nne nilimwambia kwamba nakwenda kumsalimia mjukuu wetu, nikalifunga daftari kwenye kanga ya ndani, nikapanda gari, kisha pikipiki, nikafika zahanati ile ya upande wa Kisaka kabla ya saa nne.

Benchi lilikuwa limejaa, ukuta umejaa, na chini kwenye nyasi wanawake wamekaa wamenyoosha miguu. Mlango ulikuwa wazi. Mjukuu wangu aliniona, akainua uso: "Shikamoo bibi," na kabla sijamaliza marahaba alikuwa amekwisha inama. Nikakaa pale nilipoambiwa zamani kwamba nije nikae.

Nikaona.

Alikuwa peke yake. Mtu anaingia, anaeleza, na huku anaeleza mkono wa mjukuu wangu unaandika kwenye daftari la mgonjwa. Halafu anavuta kitabu kikubwa cha serikali, kipana kama mlango wa banda la kuku, anaandika mtu yuleyule tena, umri, kijiji, ugonjwa. Halafu karatasi ya maabara, yuleyule tena. Halafu karatasi ya dawa. Mwenye bima ana fomu yake pia. Mtu mmoja anaandikwa mara nne, mara tano, na nyuma yake wamo wengine, na wote wana haki ya kuwa na haraka. Katikati ya neno mama mmoja aliingia mbio na mtoto anayekakamaa, macho meupe. Mjukuu wangu aliacha kalamu ikagaagaa mezani, akaenda. Nilisikia anaita maji, anaita dawa, anamwambia mama wa watu ashike miguu. Muda ukapita. Akarudi, jasho shingoni, akaokota kalamu akamalizia lile neno alilokuwa ameliacha nusu. Nilikuwa nimelihurumia hilo neno.

Nikakumbuka palizi. Mstari wa kwanza asubuhi unapalilia kama unasuka nywele, kila jani unalijua. Mstari wa kumi unakwangua. Mstari wa ishirini, wingu limekuja, unapiga jembe popote alimradi mahindi hayajakatika. Kwa hiyo ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyewafundisha. Mkono ule niliouongoza juu ya majivu ulikuwa na ungo mmoja na siku nzima, na sasa una kijiji kizima na saa chache. Niliona aibu kwa lile neno siafu mlevi. Lakini pia, niseme ukweli, nilikuwa na hasira. Kwa sababu yule anayepaliliwa vibaya ni mimi. Sababu nzuri hainisaidii kusoma.

Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi alinipeleka chumba cha nyuma chenye makasha ya dawa, akanimiminia chai. Nikafungua kanga nikampa daftari.

Akalisoma. Nilidhani naye atahangaika, ataligeuza kama mimi. Wapi! Alilisoma kama limechapwa na mashine. Ndipo nilipojua kwamba wao kwa wao wanasomana. Ni lugha ya nyumbani kwao. Akafika chini ya ukurasa, akageuza, akamaliza. Kisha akainuka, akaenda kwenye ndoo ya maji akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na hakuwa ameshika kitu chochote kichafu.

"Bibi, daktari aliwaambia nini?"

"Aliuliza kama tumeelewa."

"Mkasemaje?"

"Nilisema tumeelewa."

Akakaa chini. Mgonjwa huyu ni mama yake, nikakumbuka. Mimi nilikuwa nimemletea kama ninavyoletewa karatasi za mgodi, asome aniambie, nikasahau kwamba karatasi ile ilikuwa yake pia.

"Nitakwambia," akasema.

"Usiniambie. Mdomo wako naujua tangu haujaota meno, utanizungusha. Niandikie. Kwa mwandiko wako ule wa zamani."

"Bibi..."

"Niandikie nisome. Mimi nasoma."

Nje walikuwa wanakohoa, wanamwita. Alirarua karatasi kutoka daftari jipya, akaiweka juu ya kasha. Akaandika polepole. Hajawahi kuandika polepole namna hiyo tangu kadi za harusi. Zile shanga zikaanza kutoka moja baada ya moja, za mviringo, zimekaa sawasawa kwenye mstari, na mimi nilizisoma kadiri zilivyokuwa zinatoka, kama nilivyokuwa nafanya akiwa mdogo.

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Imeshatoka nje ya kizazi. Hawawezi tena kumpasua. Mwanza watamchoma mionzi ili damu na maumivu vipungue. Haitamponya.

Akaweka nukta. Nukta nzuri, ya mviringo.

Hakuna herufi hata moja iliyonishinda. Nilitamani inishinde. Nilirudia mstari wa mwisho, nikakohoa, nikafanya kila ninachofanya watu wakiniletea karatasi ngumu, na kila mara iliniambia lile lile. Nilifikiria yule kijana wa mjini mwenye macho yaliyozama. Maneno haya matano alikuwa nayo mdomoni, na mtoto wa watu analia mlangoni, na yeye akayashusha kwenye daftari, yakatawanyika huko, akanikabidhi. Simtetei. Alipaswa kusema. Lakini mimi nilipaswa kuuliza, na sikuuliza.

"Angekuja mapema," nikasema. "Palizi..."

"Usianze hivyo, bibi."

"Mwezi wa kwanza ningempiga nimlete."

"Bibi. Tafadhali." Akajifuta uso kwa koti jeupe. Kisha akasema kwamba Jumamosi atapata mtu wa kumshikia zahanati, atakuja nyumbani, atamwambia mama yake yeye mwenyewe, amshike mikono. Akaniomba nisimwambie kabla. "Sitaki alisikie bila mimi kuwapo. Siku nne tu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Unaona jinsi nilivyo mwepesi wa kujibu.

Nilifika nyumbani mchana wa siku iliyofuata. Karatasi ile nilikuwa nimeiweka kifuani, imekunjwa mara nne, na kila nikipumua inanichoma kwa pembe. Mke wangu alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anapepeta mbegu za ulezi. Mvua za kupandia zilikuwa zimeshaonja ardhi mara mbili.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakuja Jumamosi."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Nilijua. Hali huyo." Akapeperusha makapi, akayapuliza yaliyobaki pembeni. Hakuinua uso. "Na daftari langu? Maana nililitafuta sandukuni nikalikosa."

Nikajishughulisha na kamba ya kiatu, na kiatu changu hakina kamba.

"Nilikwenda nalo," nikasema.

"Linasemaje?"

Kuku walikuwa wanagombania makapi. Niliwatazama mpaka wakamaliza. Katika maisha yangu nimewasomea watu kwamba ng'ombe wao wamekamatwa, kwamba mtoto wao amefungwa, kwamba shamba lao sio lao. Nilisoma kwa sauti, nikamrudishia mtu karatasi yake, nikaendelea na kazi zangu.

"Yule daktari anaandika vibaya sana," nikamwambia. "Mimi imenishinda."

Hapo aliinua uso. Alinitazama kama anavyomtazama mnunuzi wa ng'ombe anayesema kwamba hana haraka.

"Wewe imekushinda."

"Imenishinda."

"Na mtoto? Yeye si daktari mwenzao?"

"Amesema ataliangalia vizuri Jumamosi."

"Kumbe hawasomani!" Akacheka, kile kicheko chake cha mabega, lakini kilikuwa kifupi, na macho yake hayakucheka nacho. Alikaa kidogo mkono ukiwa ndani ya mbegu, anazikoroga kwa vidole. Kisha akasema, "Basi kama wote mmeshindwa, mimi nimwage ulezi wangu. Mwaka huu nataka tupande lote, mpaka kule mteremkoni tulikokuacha. Tutaweza kuvuna wenyewe mama, au tutafute watu?"

Ulezi unakaa shambani miezi minne, mitano mvua ikisuasua.

"Tutavuna wenyewe," nikasema.

"Haya, kinga mikono."

Nikakinga viganja vyote viwili, akanimiminia mbegu mpaka zikaanza kumwagika pembeni, na mimi sikuweza kuzizuia.